Babu alijua ni yeye kayeyusha barafu ya Kibo

Kila Desemba ni stori ileile. Unapambana na tiketi, alfajiri unajibanza kwenye basi pale stendi ya Mbezi na mabegi ya watu juu ya miguu yako, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, na mkifika Mwanga Wachagga wote ndani ya basi wanaanza kuchangamka utafikiri kuna mtu kawaamsha kwa maji. Mkishaipita Himo waliokaa dirisha la kulia ndo wanageuka watu muhimu, kila mtu anawauliza vipi, mlima umefunguka? Mwaka huo ulikuwa umefunguka, mweupe pee wa jua la saa kumi, na mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "ndo imebaki hiyo tu?" Konda bila hata kugeuka akamjibu, "imebaki ya kuwekea soda Krismasi mzee, tuwahi." Basi zima likacheka. Mi nilicheka nusu, kwa sababu nilimkumbuka babu.

Babu yangu kafariki akiamini kabisa kwamba barafu ya Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, kaiyeyusha yeye. Hakuwa anasema binadamu, wala viwanda, wala wazungu. Yeye, kwa mikono yake, na mwenzake mmoja wa Uru ambaye alitangulia kufa.

Kwa wasiopajua kwetu, ukipanda toka Moshi mjini kwenda Kibosho unaanza na tambarare ya mahindi ambayo wazee wanaiita porini, halafu vihamba vyenyewe, migomba na kahawa chini ya miti mikubwa na mfongo, ule mfereji wa maji, unapita nyuma ya nyumba, halafu nyumba zinaisha unakutana na nusu maili. Nusu maili ni ukanda wa msitu uliotengwa enzi za mkoloni, mwaka 1941, ili wananchi wapate kuni na mbao na majani ya ng'ombe humo humo na wasiuguse msitu wa juu. Sasa babu na mwenzake ujana wao walikuwa wapasuaji mbao, msumeno ule wa watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo mwingine chini ya shimo anakula vumbi la mbao siku nzima, na kama unavyojua mipaka ya serikali na tumbo la mtu mwenye watoto saba haviendi pamoja, nusu maili iliwaishia wakapanda juu, kwenye mikamfa minene ambayo watu watatu mkishikana mikono hamuizunguki. Kwa hela ile alijenga nyumba ya bati. Kahawa ilisomesha watoto, mbao ikajenga, ndivyo alivyokuwa anasema, na alisema kwa kujivuna mpaka walipokuja watu wa mradi.

Nlikuwa mdogo lakini siku ile naikumbuka. Walikuja na gari jeupe, wakakusanya wazee kwenye ukumbi wa kanisa, soda na mandazi, halafu wakatundika mabango. Bango moja lilikuwa na Kibo nyeupe mpaka mabegani, pembeni yake Kibo ya sasa yenye vipande vipande, na katikati kisiki cha mti. Hata mtu asiyejua kusoma alielewa. Babu alirudi nyumbani hasemi kitu. Tangu siku ile, asubuhi kabla ya chai, alikuwa anatoka uani anasimama anauangalia mlima kama mtu anayeangalia mgonjwa, na siku ukiwa na theluji mpya iliyodondoka usiku anafurahi kama mtoto, na theluji hiyo ikiisha saa tano anaingia ndani. Alipanda miti kama kichaa, mpaka kwenye njia ya ng'ombe alipanda, bibi akawa anagomba. Na karibu na mwisho, akiwa kitandani, aliwahi kunambia Ruwa, Mungu wetu Wachagga, ndo aliuvalisha mlima ile nguo, sisi tukaivua.

Mi sikuwa na jibu. Nlikuwa fomu tri, na kitabu cha jiografia kilikuwa kinasema kitu kilekile cha bango.

Nilianza kufuatilia hii mada kwa hasira tu, sio kwa usomi. Grupu letu la ukoo la WhatsApp kuna binamu yangu mmoja yuko Dar, kazi yake ni kuforwadi, na siku moja akatupia video ya jamaa anasema wanasayansi wa Marekani walitabiri barafu ya Kilimanjaro itaisha ifikapo 2020, leo hii ipo, kwa hiyo habari yote ya dunia kupata joto ni utapeli wa kutuzuia Waafrika tusichimbe mafuta yetu. Emoji za moto kama thelathini. Shemeji yangu ambaye anafanya kazi na shirika moja la mazingira akaja juu, akamwaga picha za mlima, za 1912 na za leo, na maneno makali. Baba mkubwa akasema nyie watoto haya ni mapenzi ya Mungu na yameandikwa. Mama mdogo akauliza nani analeta mbuzi wa ndafu. Na mi nikakaa nasoma, nikagundua kitu ambacho kimenikaa mpaka leo: wote watatu waliokuwa wanabishana walikuwa wanamvuta shahidi mmoja, ile barafu, kila mtu kwa upande wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemhoji huyo shahidi.

Basi nikaamua kumhoji.

Cha kwanza, ubishi wa barafu ya Kibo haukuanza na WhatsApp. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliyekuwa anaishi Rabai kule nyuma ya Mombasa alikuwa njiani kuja Uchaggani akaona kitu cheupe juu angani, akamuuliza kiongozi wake wa safari kile nini, yule bwana akamjibu neno moja: baridi. Baridi tu. Kwa mtu wa pwani lilikuwa jibu tosha kabisa! Rebmann akaandika Ulaya kwamba kaona theluji karibu na ikweta, na London kule kulikuwa na mtaalamu wa ramani anaitwa William Desborough Cooley, hajawahi kukanyaga huku maisha yake yote, akamrarua vibaya, haiwezekani, huyo mchungaji macho yake mabovu. Ubishi ukaenda zaidi ya miaka kumi mpaka Karl von der Decken alipokuja 1861 na 1862 akaona mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbali anabishana na aliyeuona mlima ni desturi ya zamani sana, binamu yangu hajaianzisha.

Cha pili ndo kilichonitoa jasho. Hans Meyer, yule wa kwanza kufika kileleni, Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller, alirudi tena mwaka 1898. Ilikuwa miaka tisa tu imepita. Na akaandika kwa mshangao jinsi barafu ilivyokuwa imerudi nyuma. Sasa pigeni hesabu na mi. 1898! Babu hajazaliwa. Baba yake babu sijui kama alikuwa ameoa. Hakuna gari Moshi, hakuna reli, na makaa ya mawe yaliyochomwa duniani mpaka wakati huo ni kidogo sana ukilinganisha na yaliyofuata. Miaka miwili kabla, 1896, Msweden mmoja Svante Arrhenius alikuwa ndo kwanza kakaa na kalamu kupiga hesabu kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto, na hesabu hiyo ilionekana ni ya mbali sana, kitu cha wajukuu wa wajukuu. Barafu ya Kibo ilikuwa tayari inaondoka.

Mtu wa kambi ya binamu akisoma hapo anaruka juu, si nilisema! Tulia kwanza.

Barafu ya kule juu ilipimwa vizuri mwaka 1912, ikawa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki kama 1.8. Hizo namba hazina ubishi, asilimia 85 imekwenda. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa chuo kikuu cha Ohio State alipanda na mitambo ya kutoboa, wakatoa nguzo sita za barafu, ya chini kabisa wakakadiria ina umri wa miaka kama 11,700, na 2002 wakatoa ripoti kwamba kwa mwendo ule barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Ndo hiyo video ya binamu. Na ni kweli 2020 ilifika na barafu bado ipo, imechakaa lakini ipo, na waliosimama majukwaani wakatumia ule mwaka kama tarehe ya harusi wametuachia aibu sisi tunaobaki kuwajibu watu kwenye magrupu.

Mwaka huohuo wa 2000 Douglas Hardy wa chuo kikuu cha Massachusetts aliweka kituo cha hali ya hewa juu kabisa, kwenye barafu yenyewe, kinaandika joto na jua na upepo mwaka baada ya mwaka. Na yeye na wenzake kina Georg Kaser na Thomas Mölg wa Austria wakaja na maelezo ambayo hayamo kwenye bango wala kwenye video. Kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo barafu haiyeyuki kirahisi kama mshumaa. Kuta zile za barafu zinapigwa na jua na upepo mkavu, zinageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Ukitaka kuelewa angalia vipande vya barafu ukivisahau wazi kwenye friza miezi mitatu, unavikuta vimesinyaa na havijayeyuka hata tone. Kwa kawaida theluji mpya inadondoka inalipa deni, tena ile nyeupe mpya inarudisha jua lilikotoka. Ila kuanzia miaka ya 1880 hivi Afrika Mashariki ilikauka, hata Ziwa Victoria lilishuka, kwa sababu ya mambo ya Bahari ya Hindi inavyopeleka mvuke wake. Theluji ikapungua, deni halikulipwa tena. Kwa kifupi mlima ulianza kufa kwa njaa kabla ya kufa kwa joto.

Na Kaser huyu sio mpingaji jamani, ni mmoja wa waandishi wa zile ripoti za jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC. Yeye na Philip Mote waliandika wazi mwaka 2007 kwamba Kibo ni mfano mbaya wa kuchagua ukitaka kuonyesha dunia inapata joto, wakati kuna mamia ya barafu kwenye Alps, Andes na kwingineko ambazo zinayeyuka kwa joto bila utata wowote. Thompson naye hakukaa kimya, akaonyesha kwamba tabaka za juu za barafu zina alama za kuyeyuka ambazo hazionekani huko chini ndani, maana yake siku hizi joto nalo linachangia. Na hata huo ukavu wa Bahari ya Hindi wa karne hii huwezi kuutenga moja kwa moja na bahari inavyopata joto. Wanaendelea kubishana, kwa adabu, na vipimo mkononi. Ningetamani grupu letu libishane hivyo hata siku moja.

Lakini mi kilichonikalisha chini ni karatasi ya Mölg na wenzake ya 2012. Walichukua swali la babu kabisa, yaani kama wamelisikia: je, kukata msitu wa chini ndo kumeua barafu ya juu? Wakaweka kwenye kompyuta mlima wenye msitu wa zamani na mlima wenye msitu wa sasa, wakaangalia mvua na mawingu yanavyofika kileleni. Jibu: mchango wa miti iliyokatwa ni mdogo. Mdogo. Nilisoma ile sentensi nikiwa kwenye daladala natoka kazini, nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu nikatembea.

Kwa sababu babu alibeba ule mzigo miaka kumi na kitu. Na haukuwa wake.

Sasa msinielewe vibaya, sijasema msitu ukatwe. Hapa ndo pana utamu wenyewe ambao bango lilipitiliza. Watu wengi, mpaka walimu, wanajua maji ya Moshi yanatoka kwenye barafu, na siku barafu ikiisha mito itakauka. Sio hivyo. Maji karibu yote ya mlima yanatoka kwenye ukanda wa msitu, mvua yake na ukungu wake, barafu inachangia tone. Mti wa kule juu wenye mandevu ya kuvu na ukungu unapita ni chujio, unakamata maji ambayo hata hayajawa mvua. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea Mjerumani ambaye ameutembea ule mlima miaka na miaka, ameonyesha kwamba hasara kubwa ya maji imetokana na moto kuunguza msitu wa juu kabisa, ile miti ya erika, mpaka mwisho wa msitu ukashuka mamia ya mita toka miaka ya 1970. Na moto unawashwa na watu, wengi wao warina asali, lakini unakubali kushika kwa sababu kumekauka. Oktoba 2020 mnakumbuka wote, usiku tulikuwa tunauona toka Moshi mjini kama mkufu mwekundu shingoni mwa mlima, wanafunzi na wapagazi wanapandishwa na matawi mabichi kwenda kupiga moto, na taarifa zikasema ulianzia kwenye kupasha chakula njiani eneo la Whona. Oktoba 2022 ukawaka tena. Kwenye grupu siku zile hakuna aliyeuliza kuhusu msitu, waliuliza barafu imepona?

Kwa hiyo babu kama alikuwa na kosa basi kosa lake lilikuwa kwenye mfongo, sio kwenye kilele. Angeambiwa hivyo angeelewa vizuri tu, mfongo alikuwa anaujua kuliko profesa yeyote.

Halafu joto lenyewe sasa. Maana nimeshamtoa shahidi wa barafu, binamu anasubiri niseme basi hakuna kesi. Kesi ipo, na shahidi wake yupo kihambani, ila hapigwi picha na watalii.

Tuanze na jinsi linavyofanya kazi, kwa lugha ya jikoni. Mtori ukishaiva unafunika chungu na jani la mgomba. Jani halileti moto, moto ni uleule, ila mvuke ulikuwa unatoka sasa unarudi. Jua linapiga ardhi mchana, ardhi inatoa joto kurudi juu, na hewa ya ukaa inalikamata sehemu linapotaka kutoka. Hii imejulikana tangu John Tyndall alipoipima maabara mwaka 1859, zamani kuliko Wajerumani kuja kuitawala Moshi. Jani lenyewe tunalizidisha unene: mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kupima juu ya Mauna Loa kule Hawaii ilikuwa sehemu 315 katika kila milioni ya hewa, sasa hivi imepita 420. Na mwaka 2024 dunia nzima kwa wastani ilikuwa na joto zaidi ya nyuzi 1.5 kuliko enzi za kabla ya viwanda, mwaka wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima.

Sasa fikiria lile jani. Lingekuwa ni jua limezidi, mchana ndo ungetangulia kuungua. Jani linafanya kazi hata moto ukizimwa. Kwa hiyo mtego unaokamata joto unaonekana zaidi usiku, saa ambazo ardhi inatakiwa ipoe na haipoi. Na vipimo vya karne iliyopita, maeneo mengi ya dunia, vinasema usiku umepata joto haraka kuliko mchana.

Na kahawa, aisee, kahawa ya arabika inataka usiku wa baridi. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichukua takwimu za mavuno ya arabika Tanzania toka miaka ya 1960 wakazilinganisha na hali ya hewa, na wakakuta kinachoshusha mavuno kuliko vyote ni joto la usiku. Kila nyuzi moja ya usiku ikiongezeka unapoteza kama kilo 137 kwa hekta. Wakulima wetu wengi wanavuna kilo mia mbili na kitu au tatu, kwa hiyo hiyo sio asilimia ya kuchekea. Yule mdudu anayetoboa buni naye anapenda joto, anapanda mlima taratibu kama mtalii.

Nakubali kahawa imeuliwa na mambo mengi. Bei ilianguka, pembejeo zikapanda, vihamba vimegawanywa mpaka kijana anarithi mistari minne ya migomba na kaburi la babu yake, vyama vya ushirika vilivyokuwa vinalipa ada za shule vikayumba. Baba alipong'oa mibuni ya chini akapanda maparachichi hakusoma ripoti yoyote ya tabianchi, alipiga hesabu ya hela. Lakini ndo maana nasema huyu shahidi ni mzuri, kwa sababu ushahidi wake umechanganyika na maisha kama unavyochanganyika kweli, halafu ukitoa bei, ukitoa mbolea, bado usiku upo pale unakula kilo zake.

Mnajua kinachoniudhi? Zile Mandazi za ukumbini. Mtanzania kwa wastani anatoa kama robo tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, Mmarekani tani kama 14. Afrika nzima na watu wake wote ni asilimia kama 4 ya dunia. Halafu mtu anatoka mbali na gari jeupe kuja kumwambia mpasua mbao wa Kibosho kwamba mlima umeuharibu wewe. Na mwingine anapanda ndege toka Frankfurt masaa nane mpaka KIA kuja kuiona barafu kabla haijaisha, anaposti kutoka juu kule, maana intaneti siku hizi ipo mpaka mlimani, anaandika ameumia sana moyoni. Sawa, wapagazi wetu wanakula kwa hela yake, simfukuzi. Ila uso mnao!

Hapo binamu yangu nampa pointi zake. Anaposema bomba la mafuta la Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapigiwa kelele na watu ambao nchi zao zimejengwa kwa mafuta, hakosei kuhusu hao watu. Anakosea anapofikiria kwamba unafiki wao unapoza usiku wa Kibosho. Mbu hajui kama aliyesema ni mnafiki. Mi lile bomba silipendi, kwa sababu ya kahawa ya baba na sio kwa sababu ya mtu wa Brussels, na tumebishana mpaka mama mdogo akatishia kulifunga grupu.

Na shemeji pia nimemwambia ukweli wake. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa kulipia hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata Dubai ukaanza kuwekewa hela. Siku mkaenda kudai mkiwa na picha ya Kibo, wakili wa upande wa pili atasoma Kaser na Mölg dakika tano na kesi imekwisha. Pelekeni rekodi za kahawa. Pelekeni vipimo vya usiku vya Lyamungo, pale kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Pelekeni mito ya msitu. Akanijibu, picha ya kahawa haichangishi mtu hela. Nikanyamaza, kwa sababu najua anasema kweli, nyeupe juu ya Afrika inauza, na bango la ukumbini nadhani lilichorwa na mtu aliyekuwa analijua hilo vizuri tu.

Bango lile baba mdogo alilichukua baadaye akafunikia banda la kuku.

Desemba hiyo ya konda wa soda nililala chumba cha babu. Hawajakibadilisha, kitanda kilekile cha mbao ya mkamfa, kizito hamkiinui watu wawili, ukiweka pua unanusa bado. Tukiwa watoto tukija Krismasi bibi alikuwa anatupa mablanketi mawili kila mtu, yale mazito ya kijivu yanayochoma, na asubuhi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa mguu. Usiku ule saa nane nikaamka nina jasho shingoni, mbu analia sikioni, nikawasha taa. Blanketi moja lilikuwa sakafuni nimelitupa usingizini. La pili lilikuwa limekunjwa miguuni pa kitanda vilevile bibi alivyolikunja, na juu yake kuna vumbi la siku nyingi.